Ukuta ukiangukia kwa jirani, nani alipe?

Ukuta wa uzio ukilala juu ya banda la jirani usiku wa mvua kubwa, kunapokucha maswali huwa mawili: kosa ni la nani, na nani atalipa. Nchi yetu imejiandaa vizuri kwa swali la kwanza. Kuna mwenyekiti wa mtaa, kuna baraza la kata, kuna Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na juu yake Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani. Kwa swali la pili hatuna kitu zaidi ya mfuko wa aliyekosea, na mara nyingi mfuko huo ni mtupu. Ndiyo maana ugomvi wa matofali na maji ya mvua, ambao ungekwisha kwa wiki mbili, hugeuka uhasama wanaorithishwa watoto. Tunaiita migogoro ya ardhi, lakini mingi kati yake kiini chake ni fidia. Na kama ni ya fidia, tungeanza kuitibu kwa bima: anayejenga mjini awe na kinga ya kumlipa jirani, vilevile kama mwenye gari anavyolazimika kuwa na kinga ya kumlipa atakayemgonga.

Tazama njia anayopita jirani aliyeumia. Sheria ya mahakama za migogoro ya ardhi ya mwaka 2002 ililipa baraza la kata uwezo wa kusikiliza mashauri na kuyaamua. Marekebisho ya mwaka 2021 yakaliondolea uwezo wa kuamua na kuliachia kazi ya kupatanisha. Likishindwa, au siku 30 zikipita bila suluhu, mlalamikaji ana ruhusa ya kwenda wilayani. Kwa maoni yangu yalikuwa marekebisho mazuri, kwa sababu wazee wa kata wanajua kupatanisha kuliko wanavyojua sheria ya ushahidi. Lakini wanapatanisha kwa kutumia nini? Mtu aliyejenga ukuta kwa akiba ya miaka mitatu hawezi kesho yake kutoa milioni nane za kuezua na kuezeka upya nyumba ya mwenzake. Ataomba muda, atalipa laki mbili, kisha ataanza kukwepa salamu. Akipelekwa mbele zaidi, huenda mlalamikaji akaambiwa kwamba kwa kuwa mpaka haubishaniwi, dai lake ni la madhara tu na mahali pake ni mahakama ya kawaida. Huku anazungushwa, saa inatembea: dai la ardhi lina ukomo wa miaka 12, dai la madhara lina miaka 3 tu. Na akishinda yote hayo, anabaki na hukumu ambayo kuikaza mara nyingi ni kuomba mali za jirani zikamatwe na kuuzwa. Wachache wana moyo wa kufanya hivyo kwa mtu wanayeswali naye au kusali naye, na wanaofanya hivyo hawaishi tena kwa amani katika mtaa huo.

Aliyejenga naye asijidanganye kwamba sheria itamhurumia kwa kuwa hakukusudia. Tanganyika ilipokea sheria za kawaida za Uingereza kama zilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920, na miongoni mwa zilizokuja nazo ni kanuni ya kesi ya Rylands dhidi ya Fletcher, iliyoamuliwa na mahakama ya juu kabisa ya Uingereza mwaka 1868. Mwenye kinu alichimbiwa bwawa na mafundi aliowaajiri. Maji yakapenya kwenye mashimo ya zamani yaliyokuwa chini ya ardhi na kujaza mgodi wa jirani. Yeye mwenyewe hakuzembea, wala hakujua habari za mashimo hayo. Akaambiwa alipe: ukikusanya kwenye ardhi yako kitu kinachoweza kuleta madhara kikitoroka, kukizuia ni juu yako. Mahakama zimeibana kanuni hiyo kwa miaka mingi, na si kila tangi la maji linaingia humo. Hata hivyo, pamoja na kanuni za uzembe na za kero kwa jirani, inatosha kumkosesha usingizi mtu aliyejaza kifusi nyuma ya ukuta wa mawe huko Mbezi au Kimara, juu ya mteremko, huku nyumba ya mwenzake ikiwa chini yake. Dhima anayo tayari, iwe anajua au hajui. Kinachokosekana ni fedha za kuibeba.

Bima nayo iko wapi? Mchango wake katika pato la taifa la Tanzania bado uko chini ya asilimia 3, wakati Afrika Kusini umepita asilimia 10. Wenye bima ya nyumba wengi ni wale waliochukua mkopo benki, na wameikata kwa sababu benki imewalazimisha. Humo mwenye kinga ya kwanza ni benki yenyewe: nyumba ikiungua, deni ndilo hulipwa kabla ya familia kuonekana. Ninaowasikia wakisema "mimi nina bima" wengi wao hawajawahi kusoma karatasi waliyosaini. Bima ya moto na majanga kwa kawaida hulinda jengo la aliyeikata. Moto ukivuka ukuta na kula paa la jirani, au tangi likianguka upande wa pili, kinachohitajika ni kifungu cha dhima kwa mtu wa tatu, ambacho katika mikataba mingi ni cha kuongezewa, tena kwa kuomba. Kuta za uzio na mageti navyo huachwa nje mara nyingi pale ambapo chanzo ni dhoruba au mafuriko, na ukuta ndicho kitu cha kwanza kuanguka masika. Mwenye nyumba anakuja kuyagundua hayo siku mtathmini wa hasara anapofika na kalamu yake.

Kuna mtego mwingine unaowaumiza hata waangalifu, nao ni thamani. Tuseme nyumba ina gharama ya kujengwa upya ya shilingi milioni 100, na mwenyewe, ili apunguze ada, ameikatia bima ya milioni 60. Upepo unang'oa paa na hasara ni milioni 20. Anatarajia kulipwa 20, kwa kuwa 60 ni nyingi kuliko 20. Kampuni inamlipa 12, kwa hesabu kwamba amelinda asilimia 60 tu ya nyumba na asilimia 40 ya kila hasara aliibeba mwenyewe tangu siku ya kusaini. Hesabu hiyo si wizi, imo kwenye mkataba na ina mantiki yake, lakini mtu ambaye hakuelezwa ataiona kuwa wizi na ataisimulia mtaa mzima. Bei za saruji na nondo zilivyopanda, nyumba iliyothaminiwa miaka sita iliyopita haijalindwa kikamilifu leo, hata kama mwenyewe hajakosa ada hata mwaka mmoja.

Sasa linganisha na gari. Hakuna anayeruhusiwa kuliingiza gari barabarani bila walau bima ndogo, na dereva wa bodaboda mwenye kipato cha siku anajua hivyo. Bima hiyo haimlipi yeye, inamlipa aliyegongwa. Serikali ilikwisha kukubali zamani kwamba chombo kinachoweza kuumiza wengine hakiwezi kuachiwa huruma ya mmiliki wake. Jengo nalo ni chombo cha aina hiyo. Tarehe 29 Machi 2013 jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, liliporomoka na kuua watu 36, na kifusi chake hakikuheshimu mpaka wa kiwanja. Tarehe 16 Novemba 2024 ghorofa lilianguka Kariakoo. Zaidi ya watu 20 wakafa na wafanyabiashara wakapoteza mitaji. Baada ya kila tukio tume huundwa na majengo hukaguliwa. Msukumo wa bima za lazima nao umekwenda zaidi upande wa masoko na majengo ya biashara, ambako moto wa Soko la Kariakoo wa Julai 2021 ulitufundisha somo chungu. Nyumba ya kuishi imeachwa, ingawa huko ndiko wengi wetu tunakolala, ukuta kwa ukuta.

Ninachopendekeza ni kidogo kuliko kinavyosikika. Halmashauri inapotoa kibali cha ujenzi iombe ushahidi wa bima ya dhima kwa jirani kwa kipindi chote cha ujenzi na miaka michache baada yake. Ianze na kazi zenye hatari iliyo wazi: ghorofa, uchimbaji wa msingi unaogusa kiwanja cha pili, ukuta wa kuzuia udongo kwenye mteremko. Makandarasi waliosajiliwa wanaijua bima ya aina hii, kwa kuwa miradi mikubwa huwataka waikate. Asiyeijua ni mwenye nyumba anayejenga kwa fundi wa mtaani, bila mkandarasi wala mhandisi, na ndiye ambaye jirani yake yuko hatarini zaidi.

Pingamizi la kwanza nalijua: unawaongezea mzigo watu ambao saruji tu inawashinda. Ni pingamizi zito, na ndiyo sababu sisemi kila kibanda kikatiwe bima. Lakini tusihesabu kana kwamba kutokuwa na bima ni bure. Gharama ipo siku zote; tofauti ni kama wajenzi wengi wanaichangia kidogo kidogo au anaibeba yote jirani mmoja aliyekuwa amelala. Anayeweza kusimamisha ghorofa mbili mahali ambapo ukikosea unafukia familia nyingine hawezi kudai kwamba ada hiyo tu ndiyo iliyomshinda. Kwa wale wanaokwepa bima kwa sababu za dini, takaful, yaani bima ya Kiislamu, iko Kenya tangu mwaka 2011 na kwetu nayo imeanza kupatikana.

Wengine wanasema haiwezekani kwa kuwa sehemu kubwa ya Dar es Salaam ni makazi yasiyopimwa, na asiye na hati hawezi kukata bima. Hapa kuna mchanganyiko wa mambo. Kampuni inaweza kusita kulinda nyumba ambayo umiliki wake una ubishi. Dhima ni jambo jingine, kwani inafuata ulichokifanya, haifuati unachomiliki. Ukichimba shimo na nyumba ya mwenzako ikapasuka, utalipa uwe na hati ya miaka 99, uwe na leseni ya makazi, au uwe na karatasi ya mauziano tu iliyogongwa muhuri wa serikali ya mtaa. Tatizo la kweli ni kwamba wengi katika maeneo hayo hawaombi kibali kabisa, na hapo pendekezo langu haliwafikii. Nalikubali hilo. Haliwi sababu ya kuwaacha nje wanaofikika.

Pingamizi lenye uchungu zaidi ni kwamba kampuni za bima zinajua kupokea kuliko kulipa. Waliowahi kuzungushwa hawasemi hivyo kwa chuki. Hata hivyo Sheria ya Bima ya mwaka 2009 imeipa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima meno, na kuna Msuluhishi wa Migogoro ya Bima ambaye mwananchi anaweza kumfikia bila kwenda mahakamani. Ningependa mamlaka hiyo idai jambo moja la ziada: kila mkataba wa nyumba uwe na ukurasa wa kwanza wa Kiswahili unaotaja kisicholipwa kabla ya kinacholipwa. Na wanaohofu kwamba mwenye bima atajenga ovyo kwa kuwa kampuni ipo, wakumbuke kwamba kampuni hubakiza sehemu ya kila hasara kwa mteja, na kwamba itamtuma mkaguzi. Huenda akawa mkaguzi wa kwanza kukanyaga kiwanja hicho.

Kuna ugomvi ambao bima haitauponya. Hakuna kampuni itakayolipa kwa sababu bikoni imehamishwa usiku au kwa sababu ukuta umeingia mita moja kwa mwenzio. Hayo ni ya mpima ardhi na ya baraza. Wala haitalipa madhara ya polepole, kama maji ya karo yanayopenya mwaka hadi mwaka au mizizi ya mwembe inayoinua sakafu, kwa sababu bima ni ya jambo la ghafla. Kwa hayo dawa ni kuelewana mapema kwa maandishi: kabla ya msingi kuchimbwa, majirani wasimame mpakani pamoja na mjumbe wa serikali ya mtaa, bikoni zionekane, maji ya paa yaelekezwe, nyufa zilizopo zipigwe picha, na wote wasaini. Zoezi la urasimishaji wa makazi limewazoesha watu wengi kusimama mpakani namna hiyo. Picha hizo, kwa taarifa ya msomaji, zitamsaidia hata mjenzi, maana kazi yake mpya haitaweza kutwikwa nyufa za zamani.

Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam na zile za Kinondoni, Ubungo, Temeke na Kigamboni hazihitaji kusubiri sera ya taifa ili zianze kuweka karatasi mbili kwenye jalada la kibali: makubaliano ya mpaka yaliyosainiwa na majirani, na stakabadhi ya bima ya dhima kwa majengo ya ghorofa na kuta za mteremko. Zianze na maombi ya mwaka huu.