Wauguzi Si Wachukuzi wa Chupa

Mwaka 1954 tabibu A. C. Allison alionyesha kwamba mtu aliyerithi jeni moja tu ya selimundu, ugonjwa ambao wengi wetu huuita siko seli, hupata kinga fulani ya malaria. Ushahidi wake ulitokana na damu ya watu wa Afrika Mashariki. Tangu hapo elimu hiyo imepanda mno, hata mwishoni mwa 2023 Uingereza na Marekani ziliruhusu tiba inayorekebisha jeni katika chembe za mgonjwa mwenyewe. Bei iliyotangazwa Marekani ni dola milioni 2.2 kwa mtu mmoja!

Lakini utafiti wa namna hii huanzia kwenye benchi la kliniki. Mama amempakata mwanawe, muuguzi ameshika sindano, na mama anauliza: "Damu hii mwaipeleka wapi?" Profesa hayupo hapo. Ni muuguzi atakayejibu, tena kwa Kiswahili kinachoeleweka. Yampasa aeleze kwamba ugonjwa huu si laana, wala haukuletwa na mama peke yake. Kwamba wazazi wote wawili wakiwa na jeni hiyo, ingawa wenyewe ni wazima, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuzaa mtoto mgonjwa. Tena amwambie mama kwamba ana haki ya kukataa, na mtoto atatibiwa vile vile. Asipoambiwa hayo, dole gumba lake halina maana yoyote.

Na liko jambo zito zaidi. Kipimo cha jeni chaweza kufichua kwamba baba anayelea siye baba wa damu. Ndoa ya watu imo mkononi mwa muuguzi na mtaalamu wa maabara. Je, ni wangapi waliofundishwa namna ya kuichukua siri hiyo? Huyo wa maabara naye akikosea kibandiko kimoja, au jokofu likikosa umeme usiku, kazi yote yaharibika.

Nchini Tanzania hukadiriwa kwamba watoto wapatao 11,000 huzaliwa na selimundu kila mwaka, na pale Muhimbili wagonjwa wamefuatiliwa kwa utafiti tangu 2004. Mgonjwa harudi kliniki mwaka baada ya mwaka kwa kuipenda sayansi. Hurudi kwa sababu yupo mtu anayemjua na kumwamini. Hata hivyo, mara nyingi mradi ukifika muuguzi hutwishwa kazi hiyo juu ya zamu yake, na ukiisha hupewa asante. Hatukubaliani na desturi hiyo hata kidogo.

Vyuo vya uuguzi na vya maabara vifundishe elimu ya jeni barabara. Na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, kabla ya kutoa kibali, iwaulize watafiti: wauguzi wangapi watafunzwa? Saa zao za kueleza zitalipwa na nani? Majina yao yataandikwa wapi? Nani atarudi kwa yule mama kumwambia kilichoonekana? Asiye na jibu la swali hili la mwisho arudishiwe karatasi zake.