Ampu ya tyubu: mtumba ama mpya? Isome nyuma kwanza

Ka we ni msee wa gita pale Waithaka, unapiga mugithi wikendi, na umeanza kumezea mate ampu ya tyubu, bei ya mpya itakushtua. Usilaumu duka pekee. Mzigo ukiingia Kenya, KRA inahesabu bei, nauli na bima, inaweka ushuru, halafu VAT ya 16% inakaa juu ya hiyo yote.

So mtumba inakaa dili. Lakini igeuze usome nyuma. Ikiandikwa 120V pekee, hiyo ilitengenezewa stima ya Marekani. Yetu ni 240V. Ukichomeka hivyo tu, ni moshi. Itabidi ununue transfoma ya kushusha stima, nzito ka jiwe, na utaibeba kila shoo.

Kisha tyubu zenyewe. Huchoka ka balbu, na viwanda vimebaki vichache, vingi Urusi, Uchina na Slovakia. Machi 2022, vita ya Ukraine ikiwa mbichi, Urusi ilizuia kuziuza nje na bei ikaruka. Weka bajeti ya seti moja ya ziada, mtumba ama mpya.

Mimi ningechukua mtumba ya 240V iliyo hapa Nairobi, niipige nusu saa nzima kabla ya kutoa dooh. Ikikwaruza ama inuke kuungua, songa. Na usiifungue mwenyewe: ndani kuna zaidi ya voliti 300, na kapasita hukaa na huo umeme hata ukishachomoa waya. Ile ya 120V, hata wakikupea nusu bei, wachia mwenyewe.