Kwenye poka hakuna turufu

Watangazaji wa soka wanaipenda sana "karata ya turufu". Kocha akimwingiza straika dakika ya 75, basi ameshatoa turufu yake. Neno lenyewe linatoka kijiweni, na huko kila mcheza karata anajua kwamba turufu ikiwa kopa, hata kopa ndogo inakula ree ya shupaza. Balaa ni pale shabiki anapoihamishia akili hiyo kwenye poka.

Na anayempeleka huko ni soka lenyewe. Mwaka 2015 PokerStars iliwafanya Cristiano Ronaldo na Neymar kuwa mabalozi wake. Agosti 2019 Gerard Piqué na Arturo Vidal, wote wakiwa wachezaji wa Barcelona, walifika meza ya mwisho ya shindano la poka jijini humo lenye kiingilio cha euro 25,000. Piqué akawa wa pili, Vidal wa tano. Kijana anaona picha, anafungua simu, anaweka hela, na hajui kipi kinakula kipi. Huyo hajaenda kucheza, ameenda kuchangia wenzake. Matangazo yanamuonyesha nyota na meza, lakini ngazi ya ushindi hayamuonyeshi, na hilo si jambo la bahati mbaya.

Ngazi yenyewe si ngumu. Poka ya kawaida haina turufu: kopa, uru, shupaza na pau ni sawa. Kinachopimwa ni mkono wa karata tano, na kanuni ni moja tu, kilicho adimu ndicho kikubwa. Karata 52 zinatoa mikono 2,598,960. Zaidi ya milioni 1.3 kati ya hiyo haina kitu kabisa. Yenye jozi moja ni 1,098,240, kwa hiyo anayeruka juu kwa kupata jozi ya nane anashangilia kona.

Juu yake kuna jozi mbili, kisha tatu zinazofanana. Ubishi unaanzia kwenye tano zinazofuatana, tuseme 5 hadi 9, dhidi ya tano za aina moja, tuseme uru tupu. Wengi huona kupanga mfululizo ndiyo kazi ngumu. Hesabu inakataa: mifululizo ni 10,200, za aina moja ni 5,108. Uru tupu inashinda. Tatu zinazofanana pamoja na jozi, mikono 3,744, inazipita zote mbili. Nne zinazofanana ni mikono 624, na kileleni kuna mfululizo wa aina moja, mikono 40 basi.

Anayedhani ngazi hii ilibuniwa tu aangalie ile poka inayochezwa kwa karata 36, zikiwa zimetolewa za 2 hadi 5. Humo tano za aina moja zinakuwa adimu kuliko tatu na jozi, na sheria inazigeuza: zinapanda juu.

Ila kukariri ngazi peke yake hakutoshi, maana kwenye poka iliyozoeleka karata tano za mezani ni za wote. Chukua mtu mwenye wafalme wawili, wa shupaza na wa pau, ambaye amekwisha kuweka hela yote. Mezani zinalala kopa ya 5, ya 7, ya 9, malkia wa kopa, na 2 ya uru. Jirani anafunua kopa ya 3, kikaratasi ambacho kijiweni kingechekwa, na wafalme wanaliwa. Mwenye wafalme atalalamika kwamba kopa imegeuka turufu. Wapi! Zingelala pau nne namna ileile, mfalme wake wa pau ndiye angeondoka na hela.