"Mzee Ana Shamba Lake"



Kila tukiwauliza matajiri juu ya kustaafu, twajibiwa: "Mzee ana shamba lake, aende akapumzike." Neno hili ni la zamani. Mwaka 1954 Kamati ya Carpenter ilieleza kwamba mshahara wa chini wa Mwafrika wa Kenya ulipimwa kwa mahitaji ya mwanamume mmoja peke yake. Mke na watoto waliachiwa shamba. Leo uzee nao waachiwa shamba hilo hilo!

Shamba lipi? Baba aliligawa kwa wanawe, na wana wamegawa tena. Mtu aliyesimama kwenye mashine miaka thelathini mjini Nairobi arudi kwenye kipande cha mahindi, kati ya majirani waliomzoea kama mgeni wa Krismasi. Wenzake wa kazi wako mbali, na ufundi wake hauna wa kuuliza. Kupewa saa ya ukutani na kupigwa picha na meneja hakuponyi hayo.

Tena fedha. N.S.S.F. ilianzishwa mwaka 1965. Kwa miaka mingi, mpaka mwanzo wa 2023, mchango ulikuwa shilingi 200 za mfanya kazi na 200 za tajiri kwa mwezi. Pigeni hesabu: miaka 30 ni shilingi 144,000 kabla ya faida. Hiyo ndiyo ya kumlisha mtu mpaka kaburini? Sheria ya 2013, iliyokawia mahakamani, sasa yataka asilimia 6 kutoka kila upande, mpaka kiwango kilichowekwa. Ni afadhali, lakini mwenye miaka 57 leo imemkuta jioni. Na wako matajiri wanaokata mshaharani wasipeleke. Huo ni wizi, hatuna jina lingine.

Hatuombi huruma. Twataka aliyebakiwa na miaka mitano apewe siku za kazi, kwa mshahara kamili, ajifunze hesabu za akiba yake na kazi atakayoishika baadaye. Twataka fundi mzee alipwe kufundisha vijana mwaka wake wa mwisho, badala ya kusukuma mkokoteni mpaka saa kumi na moja ya siku ya mwisho. Na jina lake libaki katika daftari la tawi, aje mkutanoni, aseme.

Kila mwanachama achukue taarifa ya michango yake N.S.S.F., ailinganishe na karatasi za mshahara, na penye mwezi uliokosekana amwonyeshe mwakilishi wa chama kiwandani kabla ya mkutano wa tawi.