Nguo Ifuate Ngozi, Ngozi Isifuate Nguo

Ziko kauli ambazo zimerudiwa mara nyingi hata zikageuka kuwa kama sheria, ingawa hakuna baraza lililowahi kuzipitisha. Mojawapo ni ile isemayo kwamba mtu mweusi hapendezi kwa nguo za rangi kali. Kwamba nyekundu na manjano ni za weupe, na aliye mweusi kweli kweli hana budi kujisitiri kwa kijivu au rangi ya udongo ili asichekwe. Kauli hiyo husikika dukani, kwenye kibaraza cha fundi cherehani, na hata katika vyumba vya walimu. Huko Ngana, wilayani Kyela, kama ilivyo mahali pengi nchini, mwalimu aliyejinyima ili anunue kitambaa huweza kuambiwa, "Mwalimu, rangi hii si yako," kabla fundi hajamchukua vipimo.

Kauli hiyo si ya kweli, na madhara yake hayaishii kwenye nguo. Mtu akiisha kuaminishwa kwamba ngozi yake ndiyo inayoharibu nguo, hatakawia kutafuta dawa ya kuibadili ngozi. Kwa hiyo suala la rangi ya shati au gauni, ambalo wengi hulidharau kuwa ni jambo la anasa, ni suala la utu na afya.

Historia yenyewe inaikanusha kauli hiyo. Katika karne ya 19, watumwa na maskini wa Unguja walivaa kaniki, nguo nzito ya rangi ya giza, na merikani isiyotiwa rangi. Utumwa ulipopigwa marufuku kisheria huko Unguja mwaka 1897, wanawake waliokuwa watumwa waliziacha nguo hizo, wakajifunga kanga zenye rangi na maua. Kisutu, kanga ya harusi ya mwambao, ni nyekundu, nyeusi na nyeupe. Mabibi hao walikuwa weusi, na wala hawakusubiri ruhusa ya mtu kuvaa nyekundu. Waliijua rangi kuwa ni dalili ya uhuru.

Elimu nayo inasemaje? Mwanakemia Mfaransa Michel Eugène Chevreul alisimamia utiaji rangi katika karakana ya mazulia ya Gobelins, Paris. Alipoletewa malalamiko kwamba nyuzi nyeusi za karakana hiyo hazikuwa nyeusi vya kutosha, alizichunguza akaona kuwa dawa ya rangi haikuwa na kasoro. Kasoro ilitokana na rangi zilizofumwa kando ya nyeusi hiyo. Mwaka 1839 alitoa kitabu kueleza kanuni yake: jicho haliioni rangi peke yake, bali huiona pamoja na jirani yake, na majirani hao hubadilishana sura. Uso wa mtu na kola ya shati lake ni majirani wa namna hiyo. Kola yaweza kuutia uso nuru, au ikaufanya uonekane umechoka, na uso ni ule ule.

Jambo la pili ni kwamba neno "mweusi" halitoshi. Kiswahili chenyewe kinalijua hilo, kwani kina mweusi ti, kina maji ya kunde, na kina mweupe ambaye mgeni kutoka Ulaya angemwita mweusi tu. Tena katika kila kundi wamo wenye wekundu wa tofali lililochomwa, wenye umanjano, na wenye weusi unaokaribia buluu. Tofauti hizo hutokana na wingi na aina ya melanini iliyomo katika ngozi, pamoja na damu ipitayo chini yake. Haiwezekani basi watu wote hao wapewe shauri moja.

Mwaka 1980 Mmarekani Carole Jackson alitoa kitabu kiitwacho Color Me Beautiful, kilichouzwa kwa mamilioni. Aliwagawa watu katika majira manne ya mwaka, na kila jira akalipa rangi zake. Watu weusi walio wengi aliwatia katika fungu moja, la majira ya baridi kali. Wazo la kuangalia ngozi kwanza ni jema, lakini mgawanyo huo ulikatwa kwa kipimo cha watu wengine. Katika bonde la Kyela, ambako theluji haijulikani na mwaka huhesabiwa kwa mvua, mpunga na kakao, mtu hana sababu ya kuazima kipupwe cha Marekani ili ajue gauni limfaalo.

Njia iliyo nyepesi haina gharama. Mnunuzi asimame mlangoni mwa duka penye mwanga wa mchana, si chini ya taa, kwa maana taa ina rangi yake. Aweke vitambaa viwili au vitatu, kimoja baada ya kingine, chini ya kidevu, huku mwenzake au kioo kikimtazama. Kisitazamwe kitambaa, utazamwe uso. Je, macho yamepata uangavu? Je, vivuli chini ya macho vimepungua au vimezidi? Kinachoonekana kwanza kikiwa ni uso, kitambaa hicho kinafaa. Kikionekana kitambaa kwanza, na uso ukafuata nyuma kama mtumishi, kirudishwe.

Wengi watakaofanya hivyo watagundua kinyume cha walichoambiwa. Aghalabu mweusi ti ndiye anayebeba vizuri manjano iliyokolea, nyekundu, nyeupe na buluu ya bahari, kwa sababu ngozi yake hushindana nazo bila kuzidiwa. Kinachomzimisha ni kahawia na kijivu cha majivu, yaani zile zile rangi alizoshauriwa ajifiche ndani yake. Mwenye maji ya kunde mara nyingi hupendeza kwa damu ya mzee, kijani cha mgomba na samawati, naye huzimwa na kaki inayokaribia sana ngozi yake. Hayo yasichukuliwe kama amri. Amri ni moja tu: jicho lipewe nafasi ya kuhukumu mchana kweupe.

Wala haifai mtumishi wa umma aseme kwamba mambo haya ni ya wenye fedha. Rangi inayotenda kazi ni ile iliyo karibu na uso, nayo ni kola, tai, mtandio au kitambaa cha kichwa. Sketi na suruali zaweza kubaki katika rangi zinazostahimili tope la masika ya Kyela. Kitambaa cha nusu mita kilichochaguliwa vema huweza kumfaa mtu kuliko suti nzima aliyoinunua kwa kufuata mkumbo.

Picha nazo zimechangia kuipotosha hukumu ya watu. Kuanzia miaka ya 1950, kampuni ya Kodak iliwapelekea wasafishaji wa picha kadi yenye sura ya mwanamke mweupe, iliyojulikana kwa jina la Shirley, ili wasawazishe rangi kwayo. Wenye ngozi nyeusi walitoka katika picha wakiwa na macho na meno tu. Hata leo, kamera inayopima mwanga kwa shati jeupe la mwanafunzi huutia uso wake giza. Mzazi anayeipokea picha hiyo asiulaumu uso wa mwanawe; makosa ni ya kipimo. Mpiga picha apime mwanga usoni.

Mtu asipoelezwa hayo huishia kwenye mkorogo. Haidrokwinoni iliyomo huizuia ngozi kutengeneza melanini ambayo ndiyo kinga yake dhidi ya jua. Zebaki hudhuru figo. Dawa za jamii ya steroidi zikitumiwa ovyo huifanya ngozi kuwa nyembamba. Mwanamke wa Kyela anayejichubua kisha akashinda shambani au ufukweni mwa Ziwa Nyasa amevua ngao yake palepale penye mishale.

Serikali imepiga marufuku vipodozi vyenye viambato hivyo, na hiyo ni hatua ya lazima. Hata hivyo marufuku peke yake haijawahi kutosha. Mwezi Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana mjini Dar es Salaam, dhidi ya sketi fupi, suruali za kubana, nywele za bandia na krimu za kujichubua. Nia ya kulinda heshima ya Mwafrika ilikuwa njema. Lakini wapo wasichana walioshambuliwa mitaani kwa kisingizio chake, na krimu zimeendelea kuuzwa kwa siri hadi leo. Sababu ni dhahiri. Walioamriwa kuacha krimu hawakufundishwa kuipenda ngozi iliyokuwa chini yake.

Kazi hiyo ya kufundisha ni ya mwalimu kuliko ya askari. Mtoto wa Ngana anayekaa darasani hutazama mtu mmoja mchana kutwa, naye ni mwalimu wake. Akimwona mwalimu mweusi ti amevaa mtandio wa manjano kwa utulivu na heshima, amepata somo ambalo halimo katika muhtasari wowote. Akimsikia mwalimu huyo huyo akimtania mwenzake kwamba rangi fulani si ya weusi, amepata somo jingine, na dukani chupa ya mkorogo inamngoja. Walimu na watumishi wanapaswa kuikomesha mizaha hiyo katika ofisi zao, kwa kuwa aliyezaliwa na ngozi yake hakukosea kuchagua. Kitambaa ndicho kinachochaguliwa.