Motokaa Ichunguzwe Kabla ya Safari

Atokaye Wamaza kwenda Kasongo ama Kabambare hufuata barabara ya udongo. Mvua zikinyesha, matope na mashimo huichosha motokaa, na katikati ya pori hapana fundi wala duka la vyombo. Basi ugonjwa wa gari utafutwe nyumbani, siku moja kabla ya kuondoka, dawa ingali yapatikana.

Anzeni asubuhi, mashini ikiwa baridi. Pimeni upepo wa mipira saa hiyo, maana mpira uliopata moto hudanganya kipimo. Gari isimame mahali pa sawasawa. Chomoeni kijiti, mtazame mafuta. Kifuniko cha maji ya kupozea mashini kisifunguliwe kingali cha moto, maji yasije yakawarukia usoni. Mafuta ya breki yakipungua, msiongeze tu na kunyamaza: tafuteni yanapovuja, au kama breki zimelika. Kisha taa, usukani na mpira wa akiba.

Niliona siku moja kamio iliyojaa magunia, na juu yake akina mama na wanafunzi. Dereva alijua breki zake ni dhaifu, lakini akasema, “Tutafika tu.” Baba mmoja akawateremsha watoto wake: “Bwana dereva, sisi tutaondoka ukiisha kutengeneza.” Wengine wakamcheka. Jioni fundi alipofungua gurudumu la nyuma, akakuta limelowa mafuta ya breki. Hapo hakucheka mtu.

Kuchelewa siku moja si aibu. Abiria naye ana haki ya kuuliza.