Ramani ya tetemeko na shimo la choo la Kiptere

Ndugu msomaji, unakumbuka usiku wa Jumatano tarehe 12 Agosti 2020? Ilikuwa saa mbili na dakika kama kumi na tatu hivi, ardhi ikacheza. Tetemeko lenyewe lilikuwa la ukubwa wa 6.0, chanzo chake baharini upande wa kusini-mashariki ya Dar es Salaam, na lilisikika Unguja mpaka huku kwetu Mombasa. Watu walitoka nje na watoto begani, kila mmoja akasoma alichojaaliwa kusoma. Asubuhi yake tukarudi kwenye shughuli zetu. Mimi pia nilisahau, mpaka safari ya Kiptere ilipokuja kunikumbusha.

Mtoto wa dada yangu ameajiriwa kufundisha huko, nami ndiye niliyemsindikiza. Kwetu sisi wa Mombasa, Kericho ni mifuko ya chai inayoshushwa kwenye maghala na kupigwa mnada mjini hapa. Ukifika kwenyewe unaona milima ya kijani, udongo mwekundu kama ngeu, na mvua ya mchana isiyoomba ruhusa. Shuleni tulikuta madarasa mapya ya ghorofa moja yanapanda. Pembeni mafundi wengine walikuwa wanamalizia shimo la choo. Nikawauliza wamechimba kiasi gani. Futi arubaini, wakanijibu, na hawajagonga jiwe. Wekundu mtupu juu hadi chini.

Binti akaniuliza, "Mjomba, kule Bukoba shule ziliharibika kwa tetemeko. Hii itasimama?"

Sikuwa na jibu la papo hapo. Alichosema kuhusu Bukoba ni kweli. Jumamosi ya tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la ukubwa wa 5.9 liliupiga mkoa wa Kagera, watu wakafa, nyumba za matofali na udongo zikaporomoka kwa maelfu. Sekondari za Ihungo na Nyakato zililazimika kufungwa, na Ihungo ikaja kujengwa upya. Kwa vipimo vya dunia hilo si tetemeko kubwa. Japani wanaamka nalo, wanakunywa chai na kwenda kazini.

Kenya nayo haikusalimika. Tarehe 6 Januari 1928 Subukia ilitikisika kwa ukubwa wa 6.9, ardhi ikapasuka kwa zaidi ya kilomita 30 kandokando ya ukingo wa Bonde la Ufa. Kutoka Subukia hadi Kiptere ni zaidi ya kilomita mia moja, na wakati huo kampuni kubwa za chai ndiyo kwanza zinaanza Kericho. Sensa ya 2019 iliikuta Kericho na watu 901,777 na Bomet 875,689. Likija la namna ile leo, litakuta mengi zaidi ya kuangusha. Tena Bonde la Ufa lina tawi linalokwenda Kisumu, ambamo ghuba ya Winam imelala. Ukiteremka magharibi kutoka Kiptere kupitia Sondu unakwenda kulikuta tawi hilo.

Sasa, kuna wataalamu ambao kazi yao ni kuigiza matetemeko kwenye kompyuta. Si utabiri, maana hakuna ajuaye siku wala saa isipokuwa Mwenyezi Mungu, na anayekwambia tetemeko litapiga Ijumaa ijayo ni mwongo. Wao hufanya hivi: wanaiingizia kompyuta nyufa za ardhini zinazojulikana, kasi ambayo bonde linatanuka, milimita chache tu kwa mwaka, na matetemeko ya zamani. Programu, mfano ile ya OpenQuake inayotolewa bure na taasisi ya GEM ya mjini Pavia, Italia, inazalisha matetemeko ya kubuni kwa maelfu, kisha inakokotoa kila moja lingetikisa kila mahali kwa nguvu gani. Mwisho unapata ramani yenye rangi, ikikwambia mtikisiko ambao una uwezekano wa asilimia 10 kupitwa katika miaka 50. Mhandisi anasoma hapo ndipo apange nondo.

Ni kazi ya maana, wala siidharau. Lakini kompyuta hula inachopewa. Kanuni za kukadiria jinsi mtikisiko unavyofifia njiani zimetokana zaidi na kumbukumbu za mitambo ya California, Japani, Italia na Uturuki, kwa sababu kwetu mitambo ni michache. Kipo kituo cha Kilima Mbogo, na Olkaria wanasikiliza mitikisiko midogo kwa ajili ya mvuke wa umeme. Kwa nchi yenye bonde kama letu, hiyo ni kidogo mno.

Kubwa zaidi ni udongo. Wimbi likitoka kwenye mwamba likaingia udongo laini hupunguza mwendo na kuongeza kimo, kama wimbi la bahari linavyoinuka likikaribia ufuo. Mwaka 1985 tetemeko lililotokea pwani ya Mexico liliua maelfu ya watu katika mji mkuu ulio mamia ya kilomita mbali, kwa sababu sehemu ya mji ule imekaa juu ya matope ya ziwa lililokauka.

Ramani hizi za dunia zinajuaje udongo wa Kiptere? Mara nyingi kwa njia ya mkato. Huangaliwa mteremko kama ulivyopimwa kutoka angani: penye mlima kompyuta inahesabu kuna mwamba, penye tambarare inahesabu kuna udongo laini. California njia hiyo inafaa. Lakini kwenye nchi ya chai, mvua na joto vimelilisha jiwe la volkano kwa mamilioni ya miaka mpaka likawa udongo palepale mlimani. Kompyuta inaona mteremko, inaandika jiwe. Fundi wa choo anaona futi arubaini za wekundu.

Tupige hesabu kidogo. Futi arubaini ni mita 12. Tuseme wimbi linapita kwenye udongo huo kwa mita 250 kwa sekunde. Udongo huo utapenda kucheza kwa mzunguko wa mara nne ya kina chake ugawe kwa mwendo huo, yaani sekunde 0.2 hivi. Na jengo nalo lina mchezo wake, kwa makadirio ya wahandisi ni sehemu moja ya kumi ya sekunde kwa kila daraja la jengo. Madarasa ya chini na ya juu, sekunde 0.2. Ardhi na jengo vinakwenda mdundo mmoja, na hapo ndipo kuta hupasuka.

Kuna watakaosema Kericho ina shida za karibu zaidi, barabara na dawa hospitalini, na sitabishana nao. Lakini madarasa yanajengwa sasa hivi, hayangoji. Na kupima udongo si mradi wa mabilioni. Kipo kifaa kidogo cha kubebwa mkononi, unakiweka chini nusu saa kinasikiliza mitetemo midogo ya upepo na magari, kinakupa mdundo wa mahali pale. Mwanafunzi wa jiolojia wa chuo kikuu akipewa kifaa na nauli anaweza kuzunguka shule za wadi nzima katika likizo moja. Serikali za kaunti za Kericho na Bomet zinaweza kulidai hilo kabla ya kupitisha ramani ya jengo la umma. Hata Mombasa tunalihitaji: Mji wa Kale umekaa juu ya jiwe la matumbawe, lakini zipo sehemu za bandari zilizokaa juu ya ardhi iliyojazwa, na maghorofa yanapanda kila mwezi.

Nimemwandikia binti hesabu ile, naye akampelekea mwalimu mkuu, ambaye ameahidi kuifikisha kwa kamati ya ujenzi. Juzi amenitumia picha. Zege la ghorofa limeshamwagwa, na shimo la choo limefunikwa.